Dawa ya Meno ya Mama Prof

Kila pikipiki inapopunguza mwendo mbele ya nyumba yetu, naacha kushona. Najua wengi wanapunguza kwa sababu ya shimo tu, lile ambalo mvua inalichimba upya kila mwaka, lakini mimi nasimama, nafuta mikono kwenye kitenge, nangoja. Nangoja habari kutoka Uvira. Huko ndiko jirani yangu alikopelekwa, kwa binti yake; ndiye pia aliyekuwa mwalimu wangu, yule ambaye mtaa wetu wote hapa Baraka unamwita Mama Prof. Amekwenda kutazamwa mkono unaotetemeka na ufizi unaotoka damu. Na mimi ndiye niliyempa kichupa kilichowahi kuwekwa zebaki.

Nimelisema. Sasa naweza kueleza yeye ni mtu gani, maana ukianza na kichupa na kuishia hapo unaweza kufikiri ni mwanamke mzembe. Mzembe ni mimi.

Alitufundisha kemia sekondari. Kwetu kila anayefundisha sekondari anaitwa Prof, awe na shahada au awe na chaki tu. Hilo la Mama liliongezwa alipoacha kazi na kubaki nyumbani akingoja pensheni ambayo bado inakuja. Maabara hatukuwa nayo. Tulikuwa na meza moja, chupa za bia zilizokatwa shingo, na jiko la makaa. Siku ya kufundisha chumvi na maji, alichanganya, akakoroga, kisha akanywa yeye kwanza huku tunamtazama. Siku ya siki, yeye kwanza. Siku ya majivu ya maganda ya ndizi alionja kwa ncha ya ulimi, akakunja uso, akasema, "Hii hapana, inakula ngozi. Mutaandika tu." Tulicheka. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele na nilicheka kuliko wote.

Zebaki hatukuiona darasani, ila alituchorea. Alichora tone la duara, akasema hii ni metali inayokimbia, na pale ambapo hauioni ndipo uiogope. Nililiandika katika daftari kwa kalamu nyekundu. Hilo ndilo linalonitesa. Mtu asiyefundishwa ana pa kujifichia, mimi sina.

Dawa ya meno alianza kuitengeneza mwaka ule ambao malori hayakufika kutoka Uvira kwa muda mrefu na tyubu moja dukani ikawa kitu cha kujadiliwa na familia. Nyumba zilikuwa na batoto sita, saba, na tyubu moja. Nawajua baba waliokuwa wakiificha chini ya mto wa kulalia. Sisi tulikuwa tunaipasua kwa wembe tukikwangua ndani, na siku tuliyomaliza kukwangua, Riziki, binti yangu wa kwanza, akasugua kwa makaa mpaka ufizi ukachubuka. Mama Prof alimwona anatema weusi ukutani. Alikuja moja kwa moja jikoni kwangu bila kubisha hodi.

"Mama Riziki, makaa inakwaruza," aliniambia. "Utamaliza meno ya mutoto ukisema unayasafisha. Kuya kwangu kesho na maganda ya mayai."

"Maganda ya mayai nitatoa wapi, Mama Prof? Sisi tunakula ndagala."

"Kwa bale bamama banauzisha mayai ya kuchemsha kule port. Beye banayatupa tu."

Kwa hiyo nilijikuta, mwanamke mzima mwenye cherehani yangu na wateja wangu, nikiokota maganda ya mayai bandarini huku watu wananisalimia kwa huruma. Mmoja aliniuliza kama nyumbani kuna tatizo.

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Maganda yanachemshwa, yanamenywa ile ngozi nyembamba ya ndani, yanaanikwa juu ya bati. Yanatwangwa. Yanachekechwa kwa kilemba cha zamani, kisha yanatwangwa tena, na hapa ndipo wengi walipochoka, maana Mama Prof aliyajaribu katikati ya meno mawili ya mbele na akisikia hata punje moja alirudisha unga wote kinuni. Halafu chumvi kidogo, baikaboneti kidogo kutoka kwa wakaanga mandazi, karafuu chache zilizosagwa, na mafuta ya kokwa za mchikichi ya kushikanisha. Anakoroga kwa mwiko ambao haujawahi kuingia chunguni. Ukiugusa mwiko huo kwa mkono wenye mawese, anauchemsha upya na wewe anakuangalia mpaka uone aibu.

"Mi siko mufumu," alipenda kusema. "Mufumu anaficha dawa yake. Mi naandika ukutani." Na kweli aliandika, kwa chaki, kwenye ukuta wa jikoni, vipimo vyote, ili yeyote aingie asome. Mvua ilipofuta, aliandika upya.

Usifikiri basi kwamba alikuwa mtu wa kunyooka pande zote. Alihubiri meno tangu asubuhi na chai yake ilikuwa na vijiko vinne vya sukari. Ukimtazama kijiko cha tatu, anahesabu cha nne kwa sauti. Jino lake moja la kushoto halikuwepo. Liling'olewa na fundi baiskeli, kwa koleo, kwa sababu aliogopa daktari wa meno kuliko alivyoogopa maumivu, na jambo hilo hakutaka litajwe. Tena alikuwa na tyubu moja ya kiwandani, binti yake alimletea, ameifunga ndani ya sanduku pamoja na kitenge cha sikukuu. Mgeni kutoka mbali akilala kwake, ndiyo anapewa. Nilimuuliza kwa nini asiwape wageni dawa yake anayoisifia. Alisema mgeni hajazoea, atafikiri tunamdharau. Mimi nilidhani anajivunia kazi ya mikono yake, kumbe na yeye alikuwa na haya zake.

Ubahili wake ulikuwa wa ajabu pia. Kamba iliyofunga mkate haitupwi. Bahasha inageuzwa ndani nje. Lakini dawa hiyo aliyoitolea jasho aliigawa bure, na kila baada ya majuma machache sehemu kubwa ilikwenda Lusenda, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa bamama wa Burundi. Kuna mmoja huko aliyekuwa akija kuichukua, mama mwenye kovu kwenye nyusi, mkulima hodari, ambaye kila alipokuja alileta maharage kidogo ili asionekane ameomba. Mama Prof alikuwa anayapokea kwa mikono miwili. Akiondoka, anayapeleka kwa jirani mwenye watoto wengi.

Nilijaribu siku moja kumwambia auze angalau nusu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kinu katikati ya magoti.

"Nikiuzisha," alisema, "nitaanza kutwanga mara moja. Nikigawa nitatwanga mara mbili, ju nitaonana nabo barabarani."

Shida yake ilikuwa vyombo. Plastiki hakuitaka, kwa sababu karafuu inaacha harufu na mafuta yanashika. Alitaka vichupa vya kioo, na akatuagiza mtaa mzima: cha pomada, cha jamu, cha chochote, mradi kina kifuniko. Ukimletea anakushukuru kama umemletea kuku. Mimi napenda kushukuriwa. Basi Jumanne moja nikazunguka nyumba yangu yote, nikakusanya vichupa saba. Kimoja nilikitoa juu ya mlango, mahali mume wangu anapoweka vitu vyake akirudi kutoka machimbo ya Misisi. Kilikuwa kitupu, kidogo, chenye kifuniko cha bluu. Nikaviosha vyote kwa majivu na maji ya moto, nikavisuuza, nikavitazama kwenye jua. Vilikuwa vinang'aa. Nikampelekea.

Baba Riziki alirudi majuma matatu baadaye, siku ya Jumamosi, ana tope mpaka kwenye nyusi. Aliweka mkono juu ya mlango, akapapasa.

"Kile kichupa yangu kiko wapi?"

"Kilikuwa tupu. Nilikitoa."

"Ulikitoa kwa nani? Kilikuwaka na merkire. Niliimwaga kwa ingine, lakini humo siyo ya kuwekea kintu."

Merkire ndiyo zebaki, wanaitumia kunasa vumbi la dhahabu. Niliketi. Aliuliza tena ni kwa nani, nikasema nimekitupa, na huo ndio uwongo wa kwanza. Nilianza kujipa moyo papo hapo: nimekiosha, kwa majivu, kwa maji ya moto. Kisha nikaona kalamu nyekundu. Pale ambapo hauioni.

Watu wataniuliza kwa nini sikutoka mbio siku ileile. Nimejiuliza zaidi yao. Ni nyumba ya nne kutoka kwetu. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Ningekwenda kwa mwanamke aliyenifundisha kitu hicho hasa, nimwambie kwamba mwanafunzi wake wa benchi la mbele amemletea sumu ndani ya kichupa kilichong'arishwa. Nilisema nitakwenda kesho. Kesho yake, Jumapili, baada ya ibada, nilikwenda kweli. Vichupa vilikuwa vimejazwa, vimepangwa kwenye rafu. Nilivihesabu huku nikijifanya nasoma ukuta. Vilikuwa sita. Cha bluu hakikuwepo.

Mama Prof alinimiminia chai. Aliongea juu ya bei ya chumvi, na juu ya mchungaji aliyehubiri muda mrefu. Aliniuliza kama Riziki bado anasugua vizuri kule nyuma. Nilijibu. Nilikunywa chai yote, nikarudi nyumbani, na sikusema neno. Nakumbuka alishika kikombe kwa mikono yote miwili, na kikombe kilikuwa kinatikisika kidogo. Au ndivyo ninavyotaka kukumbuka, kwa sababu kama mkono ulikuwa unatetemeka Jumapili ile, basi si mimi.

Nikajiaminisha kwamba cha saba kimekwenda Lusenda. Kichwani nilimwona mtoto wa kambini akisugua meno kwa dawa yake. Nilimwona wakati nashona, wakati nasonga bugali, wakati nasali. Nilishona shati la mteja mikono yote miwili upande mmoja. Riziki aliniuliza kama nina mimba, na nikamfokea, yeye ambaye hakuwa na kosa lolote. Na bado sikwenda nyumba ya nne. Niliona ni rahisi kwenda mbali: nikikipata kimyakimya huko kambini, nikakivunja, nikakifukia, hakuna atakayejua. Mwoga haoni shida kusafiri.

Jumanne ya juma la pili baada ya chai ile nikapanda pikipiki na kitenge nilichosema nakwenda kukiuza. Yule mama mwenye kovu kwenye nyusi nilimkuta analimia mboga nyuma ya nyumba yake. Nilimsalimia vibaya, nikamuuliza mara moja kama amepokea dawa ya Mama Prof, kichupa chenye kifuniko cha bluu.

"Hapana, dada," alisema. "Hajatupatia bado. Yeye hatoagi kabla ya kinywa yake ikubali."

"Kinywa yake namna gani?"

Alinishangaa. "We ni jirani yake na haujui? Akitengeneza mupya anachukua kichupa moja, anasugua yeye peke yake siku kumi. Akiona hakuna kintu, njo anatupatia. Anasemaka, kinywa yangu kwanza. Kwa batoto ya bengine hawezi kujaribia."

Sikumbuki kama nilimuaga. Nakumbuka kitenge nilikiacha kwenye uzio wake. Njia yote ya kurudi nilikuwa nimeshika koti la dereva, ziwa liko upande wa kushoto, na nilikuwa naona Mama Prof anatunywea maji ya chumvi darasani na mimi nacheka. Nililijua. Nilikuwa nimelijua tangu nina miaka kumi na mitano.

Nilimkuta kwenye kigoda chake, mlango wa jikoni uko wazi. Dirishani aliweka kisahani, na juu ya kisahani kile kichupa, kifuniko cha bluu kimekazwa. Ndani alikuwa amejaza maji, kama alivyotuambia darasani, ili mvuke usitoke. Chini kabisa kulikuwa na tone moja linalong'aa, dogo kuliko punje ya ufuta. Vile sita vingine vilikuwa vimelala mchangani midomo wazi, dawa yote imemwagwa shimoni.

"Asubuhi nilifika kwa mwisho nikikwangua," alisema. "Njo nikaiona. Nimefanya hesabu ya bantu balinileteaka vichupa. Ile ilitokaka kwako?"

"Ndiyo, Mama Prof."

"Siku ya kuiosha ulijua?"

"Hapana."

"Na kisha?"

Nilikuwa na majibu mawili mdomoni. Moja lilikuwa leo. Nimejua leo, nimekuja mbio, tazama vumbi kwenye nguo zangu. Angeniamini. Alikuwa amegeuza kichwa kidogo, kama alivyokuwa akifanya ubaoni akingoja jibu, na niliona pembeni ya mdomo wake, kwenye ufizi, wekundu ambao sikuwahi kuuona.

"Nilijua samedi," nilisema, Jumamosi aliporudi Baba Riziki. "Siyo hii ya juzi. Ile ya mbele yake."

Alihesabu kwa vidole. Vidole vilikuwa vinatetemeka, hilo sasa halikuwa la kukumbuka, nililiona.

"Mi nilianza nayo lundi," alisema, yaani Jumatatu. "Dimanche ulikuwa hapa. Ulikunywa chai."

"Ndiyo."

"Kilikuwa kule ndani, pembeni ya kitanda, haijaguswa bado."

Nilipiga magoti. Nilianza kusema maneno mengi, kwamba niliona aibu, kwamba nilikuwa nimefikiri kiko kambini, kwamba nimetoka Lusenda sasa hivi. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Nje watu walikuwa wanapita wanatoka sokoni, wanasalimia, na yeye anaitikia kila mmoja. Sikumwona akikasirika. Nilitamani akasirike. Baadaye muuguzi alituambia kwamba kiasi kile kwa siku tisa hakitoshi kumtetemesha mtu, kwamba umri wake nao una mambo yake, kwamba Uvira wataangalia vizuri zaidi. Nilimshukuru. Lakini muuguzi hakunywa ile chai.

"Bale ba Lusenda banangoja," Mama Prof alisema mwishowe. "Na huu mukono haushike mutwango. Simama. Maganda iko juu ya bati."

Nikasimama. Nilitwanga mara ya kwanza, nikachekecha. Nilitwanga mara ya pili. Alijaribu unga kati ya meno yake ya mbele, akatikisa kichwa, nikatwanga mara ya tatu. Alinisomea vipimo kutoka ukutani ingawa nilikuwa naviona, nami nikaweka chumvi, baikaboneti, karafuu, mafuta. Nilikoroga kwa ule mwiko mpaka ikashikana. Alinyanyuka polepole, akaleta kichupa kipya, cha jamu, akakigeuza kwenye mwanga na kunitajia kimetoka kwa nani, nyumba gani, kiliwekwa nini. Nikakijaza.

Akanyoosha mkono ili apewe, kama kawaida yake.

Sikumpa. Nilichovya kidole, nikakitia kinywani mwangu, nikasugua juu, chini, na kule nyuma. Mama Prof alirudi kwenye kigoda. Aliweka mkono wake unaotetemeka chini ya ule mwingine, akaanza kuhesabu siku kumi.